Tusi wazi, tusi la kufunika, tusi la kubuni au usitukane kabisa: njia nne za kumpa jambazi wako mdomo

Uko ukurasa wa tano wa hadithi yako. Jambazi katoka kuiba, kaingia kwenye gari, kafungua begi, ndani hakuna hela. Sasa inabidi aseme kitu. Na hapo ndo kalamu inagoma, maana unajua kabisa mtu wa aina ile angesema nini, unalisikia lile neno kichwani, ila mkono unasita, unamwaza mama yako akisoma, unamwaza mhariri, unaandika "Aah, jamani!", unajionea aibu unafuta, unaandika neno lenyewe, unafuta tena.

Mi hapo nimekaa sana tu. Na nikisikiliza watu wakibishana naona wanagawanyika makundi mawili, weka matusi, usiweke matusi, wakati njia ziko nne na kila moja ina hadithi zake. Nitazilinganisha kwa tukio moja lile lile ili tofauti uione mwenyewe.

Tukio ni hili. Sudi ndo mkubwa, ndo kapanga, ndo dereva. Kombo katumwa akwapue begi jeusi la jamaa fulani anayetoka kuchukua mishahara. Kakwapua begi jeusi kweli, ila la mtu mwingine. Wamepaki gizani, wamewasha taa ya ndani ya gari, zipu ikafunguliwa: madaftari ya shule, kama arobaini hivi, yamekusanywa kwa ajili ya kusahihishwa. Wamemwibia mwalimu. Sudi anafungua mdomo.

VIGEZO

Natumia vitano. Kuaminika: mtu huyu, na maisha aliyopitia, angesema hivi kweli? Uzito: msomaji anashtuka au anapita tu? Nafasi: hadithi fupi ina maneno 2,000 au 3,000, kwa hiyo kila mstari unaoutumia kuonyesha hasira umeutoa sehemu nyingine. Milango: nani atakataa kuichapisha, kuisoma hewani, kuiweka mikononi mwa wanafunzi. Na cha mwisho kuchakaa, yaani baada ya miaka kumi mstari huo utakuwa bado unauma au utachekesha.

Halafu kuna jambo la lugha yenyewe, na hili naona wengi tunalisahau. Stori za uhalifu tumezijua sana kupitia filamu za Marekani, na kule tusi linafanya kazi ya kiungo, linapachikwa mbele ya nomino yoyote, gari, mlango, simu, mvua, kuonyesha tu kwamba mtu ana hasira. Jaribu kulipachika hivo kwa Kiswahili uone, linakataa. Sisi hatumtukani mlango, tunamtukana mtu. Tusi letu lina "wewe" ndani yake, na yale mazito yana mama yako, kwa hiyo likishatoka limemgusa mtu na ni lazima kitu kifuate: ngumi, kimya, mtu kushuka kwenye gari. Ile kazi ya kukazia tunaifanyia vitu vingine kabisa, giza totoro, kafa fofofo, kadondoka pu, "ligari lenyewe bovu hili", "kijitu kama kile". Ukilishika hili, nusu ya matusi uliyokuwa umepanga kuweka yataondoka yenyewe, kwa sababu yalikuwa tafsiri tu ya filamu uliyoangalia juzi.

NJIA YA KWANZA: TUSI WAZI

Sudi alilichukua daftari la juu, akalifungua, akakuta jumlisha na toa.
"Mavi yako, Kombo. Mavi yako na ya aliyekuzaa."
Kombo aliacha kutafuna.

Kuna mengine mazito kuliko hilo na sitayaandika hapa, wote mnayajua. (Naam, hapo nimetumia njia ya pili kabla sijafika kwenye njia ya pili.)

Kuaminika: ipo juu, ila siyo moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Siyo kila mhalifu anatukana. Wapo wanaotukana wakiogopa tu, wapo wanaotukana wakifurahi, na yupo yule bosi ambaye hajawahi kutoa neno chafu mbele za watu na ndo wanayemwogopa zaidi. Kosa kubwa ninaloliona, na nimelifanya, ni watu watano kwenye hadithi moja kutukana kwa mdomo mmoja. Ziba majina ya wahusika kwa kidole usome maneno yao, ukishindwa kujua nani kasema nini basi matusi hayajakusaidia, yamewafanya wote kuwa mtu mmoja mwenye hasira.

Uzito: la kwanza linapiga, la tano halipigi. Hili hata maabara wameliona kwa namna yao. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwaambia wanafunzi wazamishe mkono kwenye maji ya barafu, mara moja wakirudia tusi na mara nyingine wakirudia neno la kawaida, na kwenye tusi walivumilia muda mrefu zaidi. Mwaka 2011 wakaja kuona kwamba wale ambao kutukana ni mazoea yao ya kila siku, nafuu wanayoipata ni ndogo. Sasa hao walikuwa wanapima maumivu siyo fasihi, ila msomaji wako naye nadhani ni vilevile. Hadithi yangu ya kwanza ya uhalifu ilikuwa kurasa nane na matusi yasiyopungua ishirini, nikampa rafiki asome, nikitegemea ashtuke. Akaniambia katikati alikuwa hayasikii tena, yamekuwa kama feni. Unajua feni ya chumbani, usiku wa kwanza inakukera, usiku wa tatu hujui kama ipo.

Nafasi: hapa ndo inashinda. Mstari mmoja na kazi imeisha, umebakiwa na maneno yako kwa ajili ya mengine.

Milango: hapa inapoteza, na inapoteza vibaya. Majarida mengi na mashindano yana mwongozo wa lugha, usome kabla hujatuma, siyo baada ya kukataliwa. Redio haitasoma. Mwalimu hatawapa wanafunzi wake. Na familia, basi familia unaijua mwenyewe.

Kuchakaa: inategemea tusi gani. Ya mwili na ya wazazi yana umri mrefu, yalimuuma babu na yatamuuma mjukuu. Ya fasheni, yale yaliyozuka mwaka juzi, yanakufa haraka na yanaiacha hadithi yako inanuka mwaka.

Inamfaa nani: anayeandikia watu wazima sehemu inayokubali, na ambaye hadithi yake ina wakati mmoja tu wa kupasuka. Inamfaa pia anayesimulia kwa "mimi" na huyo mimi ni mtu wa mdomo mchafu, maana kumsafisha ni kumgeuza mtu mwingine.

NJIA YA PILI: TUSI LA KUFUNIKA

Sudi alifungua mdomo. Kilichotoka kilianzia kwa mama yake Kombo, kikapanda kwa bibi, kikashuka kwa watoto ambao Kombo hajawazaa bado, na hakikurudia neno hata moja. Alipomaliza alizima taa ya ndani.

Hapa tutenganishe vitu viwili, maana watu wanavichanganya. Kuna kufunika kwa alama, yaani nyota na vidoti na yale mazagazaga ya kwenye katuni. Na kuna kufunika kwa kusimulia, kama hapo juu, ambapo msimulizi anakwambia tusi limetoka, likaelekea wapi, likafanya nini, ila lenyewe hulioni.

Nyota mi sizipendi kwenye hadithi, nasema wazi. Nani kaziweka? Sudi hakusema nyota. Msimulizi? Basi msimulizi huyu ni mwoga, mbona maiti ukurasa wa pili aliielezea mpaka kucha? Halafu ikija kusomwa kwa sauti unakwama, nyota haina sauti, msomaji atalisema neno zima au ataguna, na vyote viwili vinaharibu. Ila nitakuwa mkweli, zina mahali pake: hadithi inayojifanya nyaraka, labda maelezo ya shahidi yaliyochapwa na karani, ripoti ya kituo, gazeti. Hapo nyota ni za karani, na zinakwambia kitu kumhusu karani.

Kusimulia ndo kuna utamu. Dashiell Hammett, mwandishi Mmarekani wa hadithi za upelelezi, alikuwa anaandikia jarida la Black Mask, na kwenye hadithi yake ya mpelelezi Sam Spade, iliyoanza kutoka humo mwaka 1929, kuna kijana mmoja wa bunduki anayemjibu Spade kwa maneno mawili. Hammett anatuambia tu kwamba la kwanza lilikuwa kitenzi kifupi cha kutokea kooni na la pili lilikuwa "wewe". Basi. Hakuna msomaji aliyeshindwa kujaza. Na kwa kuwa unajaza mwenyewe unajaza la kiwango chako, mzee atajaza la enzi zake na kijana la kwake, kwa hiyo kwenye kuchakaa njia hii inazishinda zote kwa mbali.

Kuaminika kwake kunategemea msimulizi. Akiwa na ulimi wake, na mzaha wake, tunamwamini. Akiandika tu "Sudi alimtukana matusi ya nguoni" hiyo ni taarifa ya habari, msomaji hajalia hajacheka. Uzito wake ni wa aina nyingine, haukupigi kofi ila unakukalia kidogo, mara nyingi na kicheko ndani yake, na hapo ndo kuna hatari yenyewe: kama tukio lilitakiwa kutisha, kicheko kinaweza kulivunja. Mfano wangu wa juu unachekesha. Kama Sudi anakaribia kumuua Kombo, nimekosea njia.

Nafasi inakula wastani. Milango karibu yote iko wazi.

Inamfaa anayeandikia wasomaji mchanganyiko, anayejua hadithi itasomwa hewani au kwa kundi, na mwenye msimulizi wa nafsi ya tatu anayejitegemea. Haimfai sana anayesimulia kwa "mimi" mtu wa mtaani, kwa sababu mtu wa mtaani kuanza ghafla kuzunguka maneno anakuwa kama kavaa tai.

NJIA YA TATU: TUSI LA KUBUNI, NA LILE LAINI

Hii ina matawi. Tawi la kwanza ni kuokota tusi la zamani lililolainika: baradhuli, mwanahizaya, hayawani, shenzi taipu. Tawi la pili ni kulitengeneza neno ambalo halipo.

La zamani lina raha yake. "Shenzi taipu" akilisema koplo mstaafu anayelinda ghala, tayari umemwona, na masharubu umeyaona, hujapoteza neno hata moja kumwelezea. Kijana wa miaka ishirini akilisema, aisee, hapana, labda awe anamwigiza babu yake. Kwa hiyo kuaminika hapa ni suala la umri na asili ya anayesema, na ukilipatia linakupa mhusika mzima kwa bei ya neno moja.

La kubuni kabisa ni gumu zaidi. Norman Mailer, mwandishi Mmarekani, kwenye riwaya yake ya vita ya mwaka 1948, ilibidi wanajeshi wake awape "fug" badala ya lile neno lenyewe la herufi nne ambalo lisingechapika wakati ule, na watu wameendelea kulitania miaka yote hiyo. Vita ilikuwa ya kweli, damu ya kweli, tusi la bandia. Na yule Stephens wa maji ya barafu, mwaka 2020 yeye na mwenzake wakajaribu matusi ya kutunga, "fouch" na "twizpipe", watu wakayaona yanachekesha ila mkono kwenye barafu hayakuusaidia. Ndo ilivyo kwenye hadithi pia: tusi lisilo na historia halina meno.

Isipokuwa kama historia yake umeipanda wewe mwenyewe, na msomaji akaiona ikiota. Rudi kwa Sudi na Kombo. Tuseme usiku ule umepita, ukurasa wa saba wako kwenye kazi nyingine, na Sudi anamwambia kijana mpya:

"Nenda, angalia vizuri. Usiniletee daftari."

Kombo, siti ya nyuma, anaangalia nje ya dirisha. "Daftari" sasa ni tusi. Halipo kwenye kamusi yoyote kwa maana hiyo, halimkwazi mhariri yeyote, mtoto anaweza kulisoma, na linamchoma Kombo kuliko lile "mavi yako" la Sudi. Makundi ya watu wanaofanya kazi ya hatari pamoja yana maneno ya hivi, yamezaliwa kwenye aibu ya mtu mmoja na hayafi mpaka kundi life. Likizaliwa ndani ya hadithi, uzito upo, kuaminika kupo, kuchakaa hakuna, kwa kuwa halikutoka mtaani, limetoka kwako.

Gharama ni nafasi. Lazima kuzaliwa kwake kuwepo kwenye ukurasa, na lazima lirudi angalau mara moja. Kwenye hadithi ya maneno 800 sidhani kama utatosha.

Inawafaa wanaoandikia vijana wadogo, wanaoandika uhalifu wa kuchekesha, na wale wenye kundi, genge, ofisi ya wapelelezi, wafungwa wa selo moja. Haimfai mhusika mmoja mpweke anayeongea na ukuta.

NJIA YA NNE: HAKUNA TUSI, LUGHA NGUMU

Sudi alichukua daftari la juu, akamsogezea.
"Soma."
"Hesabu."
"Jina."
"Kaka, mi nili—"
"Jina, Kombo."
"Zawadi. La tatu B."
"Kapata ngapi?"
"Halijasahihishwa."
Sudi akapekua ndani ya begi, akatoa kalamu nyekundu, akampa. "Sahihisha. Yote. Ukimaliza nitakwambia na wewe umepata ngapi."

Hapa kazi ya tusi imefanywa na vitu vingine. Amri za neno moja. Jina la mtu kuitwa pale ambapo halikuhitajika kuitwa. Kitu kidogo cha mkononi, kalamu, kilichogeuzwa silaha. Na Kiswahili kina ghala kubwa upande huu ambalo naona hatulitumii. Kuna msonyo, ule mrefu wa meno, ambao kwenye ukurasa ni neno moja, "alisonya", na unadhalilisha kuliko sentensi. Kuna kumshusha mtu kwa ngeli: mtu, kijitu, lijitu, "kimekuja kile kijamaa", "kimesema nini?", yaani mwanadamu umemtoa kwenye kundi la watu kwa silabi moja na huna neno chafu hata moja la kushtakiwa nalo. Na kuna adabu. Hii ndo naipenda kuliko zote. "Mdogo wangu, kaa chini." "Samahani mzee, hiyo simu naiomba." Heshima ikitoka kwa mtu mwenye kisu, msomaji anapata baridi, kwa sababu maneno yanasema kitu kimoja na mkono unasema kingine.

Misimu ya kazi, yaani maneno ya mtaani ya wahalifu wenyewe, nayo iko hapa: chuma au mguu wa kuku badala ya bunduki, na jinsi watu wanavyosema "kazi" badala ya wizi. Tumia kidogo na hakikisha muktadha unaeleza, usije ukahitaji kamusi mwishoni. Tena msimu wa mtaa huu mtaa wa pili hawaujui, na ndo kitu kinachochakaa haraka kuliko vyote kwenye makala hii nzima. Kwa hiyo kwenye kuchakaa njia ya nne imegawanyika, kimya na amri hazizeeki, misimu inazeeka ukiwa bado unahariri.

Nafasi: angalia mwenyewe, njia ya kwanza ilichukua mistari mitatu, hii imechukua kumi. Huwezi kufanya hivi kila mtu akikasirika, hadithi itajaa watu wanaopeana vitu kwa ukimya.

Milango: karibu yote wazi, ingawa usijidanganye kwamba bila tusi basi ni salama kwa kila mtu. Kitisho cha utaratibu kinaweza kumsumbua msomaji kuliko matusi kumi, na mhariri wa hadithi za watoto atakirudisha pia.

Udhaifu wake mkubwa ni kuaminika. Bosi mpole anayenong'ona amekuwa wa kawaida mno, tumemwona, tumemchoka. Na jambazi mdogo wa miaka kumi na tisa, mwenye damu kwenye shati, anayeongea kwa sentensi zilizonyooka kama hakimu, huyo hayupo. Ukimnyima tusi mpe kitu kingine kilichovunjika: sentensi isiyoisha, kigugumizi, neno moja analirudia rudia bila maana.

Inamfaa mwandishi mwenye muda wa kuandika upya mara tatu nne, na mhusika mwenye mamlaka juu ya mwenzake. Bila tofauti ya mamlaka njia hii inalegea.

NANI ANAONGEA HASA

Swali hili linakata njia zote nne na mi nadhani ndo linaamua mengi kuliko hilo la kutukana au kutotukana. Tusi la kwenye mdomo wa mhusika, ndani ya alama za kunukuu, lina mwenyewe. Tusi likivuka alama likaingia kwenye masimulizi, limekuwa la nani? Ukiandika "yule mshenzi akafungua mlango" kwa nafsi ya tatu, msomaji anageuka kukuangalia wewe. Inaweza kuwa sawa kama umekaa karibu na kichwa cha mhusika kiasi kwamba hayo ni mawazo yake, ila basi kaa hapo hapo, usiwe kichwani mwake aya moja na juu ya paa aya inayofuata.

Kinyume chake kinafanya kazi vizuri ajabu: msimulizi msafi, mtulivu, Kiswahili sanifu kabisa, na watu wake wachafu wa mdomo. Ile tofauti inatoa sauti. Tusi moja ndani ya nathari (yaani maandishi ya masimulizi) iliyopigwa pasi linasikika kama sahani imeanguka. Likiwa ndani ya nathari ambayo yenyewe inatukana, hulisikii.

Kwa nafsi ya kwanza hesabu zinabadilika, kila neno ni la mhusika. Swali la kujiuliza ni anamsimulia nani. Anamwambia polisi? Mke wake? Mwenzake wa selo? Mtu yule yule hatukani sawa kwa hao watatu, na ukishaamua anayesikiliza ni nani, swali la matusi linajijibu lenyewe mara nyingi.

Na kando kidogo: maneno ya kudhalilisha watu kwa kabila, dini, ulemavu au maumbile yao siyo kundi moja na mavi. Tusi la kawaida linamlenga Kombo, haya yanamlenga msomaji asiye na kosa aliyekaa kwake anasoma. Nyota hazisaidii. Kama hadithi inahusu chuki yenyewe, sawa, mpe anayechukia na hadithi imjibu. Kama ni rangi tu ya mtaa, yatoe, hayatakumbukwa.

SASA WEWE UKO WAPI

Kama unatuma kwenye shindano au jarida na mwongozo wao hausemi chochote kuhusu lugha, njia ya pili ya kusimulia au ya nne ndo salama zaidi, na ukitaka tusi wazi liwe moja, liwe pale hadithi inapovunjika, uweze kulitetea mhariri akikuuliza.

Kama hadithi itasomwa kwa sauti, isome wewe kwanza, chumbani, kwa sauti yako kamili. Nyota zitajiumbua zenyewe. Tusi wazi nalo utaona kama mdomo wako unalibeba au unalimeza, na ukilimeza wewe msomaji wa redio hatalisema.

Kama una maneno chini ya 1,000, huna anasa ya njia ya nne wala ya tatu. Ni tusi moja wazi au sentensi moja ya kufunika.

Kama wasomaji wako ni wanafunzi, nenda kwa tusi la kundi, "daftari", au nenda kwa msonyo na ngeli. Vijana wanajua unachokwepa, ila watakuheshimu kama umekwepa kwa akili.

Kama mhusika wako ni mtu wa kawaida aliyeingia kwenye uhalifu kwa bahati mbaya, mhasibu, muuguzi, dereva, usimkimbilie kumpa mdomo wa jambazi. Tusi lake la kwanza maishani, likitoka vibaya, na sauti imepanda, lina thamani kuliko yote ya Sudi.

Na kama umekwama kabisa saa nane usiku, andika tusi wazi kwenye rasimu uendelee mbele, usilale na sentensi tupu. Ukifika mwisho rudi, utakuwa unamjua mtu wako vizuri zaidi na kuchagua kunakuwa rahisi. Mi na hii ya Sudi na Kombo ndivyo nilivyofanya, rasimu ilikuwa na matusi kumi na moja. Nilipomaliza, kwenye tukio la gari ilibaki njia ya nne, ile ya kalamu nyekundu, na hadithi nzima ikabakiwa na tusi moja tu wazi, lipo ukurasa wa mwisho. Analitoa mwalimu, siku begi lake linaporudi, anapofungua daftari la Zawadi na kukuta mtu kamkosesha hesabu aliyopata.